Apatimenti ya milioni 150 Njiro: kabla ya vigae, kagua hati, maji na majirani

Nyumba yenyewe ni hii: vyumba viwili vya kulala kimoja masta, sebule, jiko, vyoo viwili na kibaraza, ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo lenye familia 16 upande wa Njiro hapa Arusha, bei milioni 150, muuzaji anahamia Dar na anataka hela yake ndani ya mwezi. Wanunuzi ni mdogo wangu na mke wake. Mdogo wangu ni dereva wa watalii, anapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, wifi ni muuguzi hospitali ya Mount Meru, wana mtoto wa miaka minne na mwingine bado ananyonya. Mkononi walikuwa na milioni 60, akiba ya miaka mingi pamoja na hela ya kiwanja walichouza Usa River, na milioni 90 zilizobaki walipanga kukopa benki. Wamenikubalia niandike kisa chote kilivyokwenda, ila jina la jengo na la kampuni iliyojenga siyataji.

Mi kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu za kupangisha, nakusanya kodi, naita mafundi, napokea malalamiko ya maji saa tano usiku, kwa hiyo mdogo wangu aliponitumia picha na kuandika "dada hii tumeipenda, tunataka kutanguliza hela kidogo isichukuliwe", nikamjibu asitoe hata shilingi mpaka tukae. Msimamo wangu uko wazi na ndo sababu ya kuandika hapa. Ukinunua nyumba iliyo kwenye kiwanja chako, shida zake ni zako na unazimaliza kwa wakati wako, lakini apatimenti unanunua vyumba vyako pamoja na paa, pampu, shimo la maji taka, madeni na tabia za familia nyingine 15, na hivyo vyote huwezi kuvirekebisha peke yako hata uwe na hela. Ukianza kukagua vigae na makabati ya jikoni umeanzia mwisho.

Tukaanza na karatasi. Dalali alituma picha ya kitu alichokiita hati ya nyumba, na kweli ilikuwa hati, ila ni hati ya kiwanja kizima kwa jina la kampuni iliyojenga. Muuzaji mwenyewe alichokuwa nacho ni mkataba wa mauziano kati yake na kampuni, na risiti. Watu wengi wakiona mkataba umegongwa muhuri wa wakili wanaona wameshamaliza, kumbe tangu 2008 tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo inayoruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake peke yake, yaani hati ya sehemu, pamoja na fungu lake kwenye maeneo ya pamoja kama ngazi, korido, maegesho na paa. Ili hati hizo zitoke lazima jengo lipimwe, uchorwe ramani inayoonyesha kila sehemu inaanzia wapi na inaishia wapi, halafu zisajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kwa jengo hili kazi hiyo ilikuwa haijafanyika. Watu wanaishi miaka mitano sasa, wote walionunua wana mikataba tu.

Tukaomba upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, yaani waangalie kwenye daftari lao mmiliki ni nani na hati ina nini juu yake, kitu ambacho hakichukui muda mrefu wala hela nyingi, na majibu yalivyorudi ndo kila kitu kikabadilika. Mmiliki ni kampuni, sawa, hilo tulilijua. Ila hati ina rehani ya benki juu yake, iliyosajiliwa wakati jengo linaanza kujengwa na haijawahi kuondolewa, na juu ya hapo kodi ya pango la ardhi ina malimbikizo. Maana yake ni kwamba kampuni ikishindwa kulipa mkopo wake, benki ina haki ya kwenda kwenye kiwanja chote na kilichosimama juu yake, na wewe mwenye mkataba na risiti unabaki kugombania nafasi yako mahakamani na hela umeshatoa. Nilimuuliza dalali kama alikuwa analijua hili, akasema "mama hizo ni taratibu za kawaida za wajenzi wote". Ni kweli wajenzi wengi wanakopa wakiweka rehani kiwanja, hakuna ubaya, lakini mnunuzi analipa baada ya benki kuandika barua kwamba inaiachia sehemu yake, na barua hiyo haikuwepo.

Kuna jambo lingine dogo ambalo mdogo wangu aliona namsumbua muuzaji bure. Muuzaji ana mke, na kwenye makaratasi yote mke hayumo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na kesi za namna hii zipo, mwenzake anaibuka mauzo yameshafanyika anasema sikushirikishwa. Muuzaji akasema mke wangu hana neno. Nikamwambia kwa heshima zote, kaka, kama hana neno basi aje asaini mbele ya wakili, haitachukua hata robo saa.

Halafu kodi. Bei ya milioni 150 dalali alisema ni neti, yaani kodi zote juu ya mnunuzi. Hapa watu wanapigwa kwa sababu hawaulizi ipi ni ya nani. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya anayeuza, asilimia 10 ya faida aliyopata kwa mtu anayeishi nchini, na huyu alinunua kwa milioni 110 kwa risiti zake mwenyewe, kwa hiyo faida ni milioni 40 na kodi yake ni milioni 4. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ndo wa mnunuzi, hapo milioni moja na nusu, na kuna ada za usajili, mthamini na wakili. Sasa ukikubali neno neti bila kupiga hesabu umeshaongeza milioni 4 kwenye bei.

Tuje kwenye maji, ambayo kwangu mimi yana uzito kuliko kitu chochote ndani ya jengo. Walivyoenda kuangalia nyumba mara ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi, bomba likafunguliwa, maji yakaja kwa nguvu, wakaridhika. Nikamwambia wifi twende tena jioni ile saa moja wakati watu wamerudi kazini wanaoga na kupika. Jikoni yakatoka, bafuni yakawa yanadondoka tu. Nikashuka chini kwa mlinzi, kijana wa Kimaasai, nikamsalimia na kumuuliza maji ya hapa yakoje, akanijibu bila kuficha, "Yeyo (mama), juu hayafiki kama watu wengi wamefungua, na pampu ikizimwa ni ndoo." Pampu inazimwa na nani? Inazimwa na umeme, kwa sababu mita ya LUKU ya pampu na taa za korido ni moja ya jengo zima, ikiisha yuniti lazima mtu atoe hela, na mara nyingine inakaa siku nzima hakuna aliyetoa.

Mlinzi wa usiku na dada wa kazi wa nyumba ya jirani watakwambia mambo ambayo muuzaji na dalali hawatayasema hata uwaulize vipi. Dada wa kazi wa ghorofa ya pili ndo alituonyesha birika lake la umeme, ndani limeganda ukoko mweupe, akasema analisugua kwa limau kila wiki na linarudi vile vile. Tukauliza maji ni ya AUWSA, yaani mamlaka ya maji ya Arusha, au ya kisima. Kumbe jengo lina laini ya AUWSA ila ilikatwa kwa sababu ya bili ya pamoja ambayo haikulipwa, na tangu hapo wanatumia kisima kilichochimbwa uani.

Kwa mtu wa Arusha hili sio la kupita juu juu. Miamba ya ukanda wa Mlima Meru ni ya volkano na maji yake ya chini ya ardhi yanajulikana kwa floraidi nyingi, meno ya rangi ya kahawia tunayaona kwa watu wazima waliokulia Ngaramtoni, Usa na huko kote, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaenda hadi kwenye mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo ambao meno ya ukubwani yanatengenezwa bado ndani ya fizi, yaani umri hasa wa watoto wa mdogo wangu. Na ukichemsha maji floraidi haitoki, inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Wifi ni muuguzi, hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili, akachukua sampuli kwenye chupa safi tukapeleka maabara ya maji, ikarudi miligramu 3.8, zaidi ya mara mbili ya kikomo.

Dawa ipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na vipo vichujio vya nyumbani vya aina hiyo, ila unatakiwa ubadilishe mkaa kila unapoisha nguvu. Njia rahisi zaidi ni kurudisha laini ya AUWSA, ambayo kwa ule mradi mkubwa wa maji wa bilioni 520 uzalishaji wake ulipangwa kupanda kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Bomba la AUWSA linapita barabarani mbele ya geti. Kwa hiyo shida ya jengo hili haikuwa maji, shida ilikuwa familia 16 zimeshindwa kulipa bili moja. Unaona tunavyorudi pale pale.

Ndo nikaomba kitu ambacho muuzaji hakutegemea, daftari la sevisi chaji, yaani michango ya kila mwezi ya kuendesha jengo. Nilitaka kuona nani analipa, nani halipi, na hela zinaenda wapi. Akasema kuna kamati, katibu wake ni mama mmoja ghorofa ya kwanza. Tukaenda kwa yule mama, shikamoo, tukajieleza, na Mungu ambariki alikuwa muungwana, akatoa kaunta buku yake akatufungulia. Kila nyumba inatakiwa itoe 80,000 kwa mwezi, mara 16 ni 1,280,000. Matumizi yalikuwa hivi: walinzi wawili 500,000, usafi 180,000, umeme wa pampu na taa kama 220,000, taka 80,000, na gari la maji taka ukiligawa kwa mwezi 100,000, jumla 1,080,000. Kwenye karatasi inabaki laki mbili ya matengenezo. Lakini kwenye ile kaunta buku majina sita yalikuwa na mstari mwekundu, mengine tangu mwaka juzi. Wanaolipa ni kumi, yaani laki nane, na kila mwezi jengo lina upungufu wa 280,000. Bili ya AUWSA ndo ilifia hapo.

Nikamuuliza yule mama hao sita ni akina nani. Watatu wamenunua na kupangisha, wenyewe hawaishi hapo, wanawaambia wapangaji walipe na wapangaji wanasema sio kwenye mkataba wetu. Mmoja ana ugomvi na kampuni kuhusu ukuta wake unaovuja, amegoma. Mmoja ni kampuni yenyewe, ina nyumba moja haijauzwa na hailipii. Na wa sita, mama yule akasita kidogo, akasema "na huyu anayewauzia ninyi". Deni lake ni miezi 14, milioni moja na laki moja na ishirini. Mdogo wangu alinyamaza kimya. Ukinunua nyumba ile na deni lile halijaandikwa kwenye mkataba kwamba linakatwa kwenye bei, majirani wataanza kukudai wewe, na hata kama kisheria unaweza kubisha, utaishi vipi na watu unaopandisha nao ngazi moja kila siku mkiwa na ugomvi wa siku ya kwanza.

Hapa ndo ile hati ya sehemu inarudi tena, maana sheria ya 2008 inataka wamiliki wawe na umoja wao wenye kanuni na mamlaka ya kukusanya michango. Bila usajili, kamati ya yule mama ni ya hisani tu, haina meno ya kumbana asiyelipa. Nilivyokaa na wifi tukaona kwamba karatasi, floraidi na pampu ni tatizo moja, limevaa nguo tatu.

Ndani ya nyumba penyewe sitakaa sana. Tangazo lilisema mita za mraba 95, tukapima kwa futi kamba chumba kwa chumba tukapata 81, nyingine walihesabu kibaraza na kipande cha korido cha wote. Kwa bei ile ile ya milioni 150 umetoka milioni 1.58 kwa mita ya mraba ukaingia milioni 1.85. Dari ya chumba cha watoto ilikuwa na rangi mpya kona moja tu, mkono ukigusa pana ubaridi, na juu ya kona hiyo kwenye slebu ndipo matanki ya maji yamekaa. Fundi wa jengo alisema slebu yote inahitaji kuzibwa upya, akakadiria milioni 24, sawa na milioni moja na nusu kwa kila nyumba kama wote 16 wangelipa, na tumeshaona wangapi wanalipa. Wa ghorofa ya chini yeye havujiwi, atakwambia hilo ni lenu la juu.

Nyufa zilikuwepo nyembamba za plasta, na moja ya mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha la sebule, hiyo tukamwita mhandisi aliyesajiliwa aiangalie. Arusha tuko kwenye Bonde la Ufa, mwaka 2007 matetemeko ya kule Gelai karibu na Oldoinyo Lengai yalisikika mpaka hapa mjini, na baada ya ghorofa kuanguka Kariakoo Novemba 2024 mi sioni kwa nini mtu atoe milioni mia na zaidi aone uchungu kumlipa mhandisi laki chache. Akapima nguzo kwa ile nyundo ya zege, akaangalia ngazi na maungio, akasema zege liko vizuri na ufa ule ni wa plasta na linta, si wa jengo kutitia. Hiyo ilikuwa habari njema na niliiandika kama habari njema, sikuwa natafuta sababu ya kuikataa nyumba. Tukamwomba pia aone kibali cha ujenzi cha Jiji, kikawepo, ghorofa zilizojengwa zinalingana na zilizoombewa.

Mtaa sasa. Njiro inapendwa kwa sababu inapendeka, kuna lami, kuna shule, Chuo cha Uhasibu kiko huko, maduka yapo, pako tulivu ukilinganisha na Ngarenaro au Unga Limited. Ila utulivu unaupima saa sita usiku wa Jumamosi, si Jumanne mchana. Tukaenda usiku, kuna baa mita kama mia moja kutoka geti, spika ziko nje, na ukiwa ghorofa ya juu sauti inakuja moja kwa moja dirishani kwa sababu hakuna ukuta wala mti wa kuizuia, wakati chini pale getini ilikuwa inasikika kidogo tu. Mdogo wangu anaondoka safari saa kumi na moja alfajiri, wifi ana shifti za usiku na analala mchana, kwa hiyo kwao usingizi ni kitu cha kuhesabu.

Asubuhi wifi akapanda kifodi, daladala zetu ndogo za hapa, kama mtu anayeishi pale, kutoka Njiro mpaka Mount Meru, foleni ya kuingia mzunguko wa Impala ikamla, na akitoka shifti saa mbili usiku anatakiwa aunganishe au achukue boda. Tukapiga hesabu ya boda kwa mwezi tukaiweka kwenye karatasi kama gharama ya nyumba, maana ni gharama ya nyumba. Upande wa mdogo wangu shida ilikuwa gari. Siku za safari anarudi na Land Cruiser ya kampuni, ile ndefu yenye paa la kuinuka, na maegesho yako 11 kwa familia 16, anayewahi ndo anayepata. Akaenda nalo kweli kujaribu, likaingia getini, ila kugeuza ndani kulikuwa na magari mawili tu na bado alihangaika.

Nyuma ya jengo kuna korongo. Tulilitembelea kiangazi likiwa kavu na dalali akasema halina shida, lakini ukutani kulikuwa na alama ya tope kwenye kimo cha goti. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na sisi tulihesabu hatua tukaona uzio wa nyuma uko karibu kuliko hapo, ingawa jengo lenyewe liko mbele zaidi. Pale nyuma ndipo shimo la maji taka lilipo. Masika ya Machi mpaka Mei maji yakijaa korongoni shimo lile linarudisha uchafu juu, na hilo mlinzi alilithibitisha, anasema mwezi wa nne gari la maji taka linakuja mara mbili.

Bei sasa. Dalali kila akibanwa anasema AFCON inakuja, uwanja unajengwa Olmoti, 2027 bei zitapaa. Uwanja ni kweli, na mashindano ya 2027 Tanzania tunaandaa pamoja na Kenya na Uganda ni kweli, lakini mashindano ni ya mwezi mmoja na mkopo ni wa miaka 15. Mi niliangalia kodi. Nyumba za vyumba viwili kwenye jengo lile lile zinapangishwa laki tano na nusu, kwa mwaka ni milioni 6.6. Ukigawa milioni 150 kwa hiyo unapata karibu miaka 23 ya kupanga, bila kugusa paa wala pampu. Mkopo wa milioni 90 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 rejesho lake ni kama 1,260,000 kila mwezi, jumla utalipa karibu milioni 227. Na mapato ya dereva wa watalii mnayajua, Julai mpaka Oktoba mkono unajaa tipu, Aprili na Mei magari yamepaki.

Tena hata huo mkopo haukuwezekana. Afisa wa benki alivyosikia hakuna hati ya sehemu akasema hawana cha kushika rehani, wakitaka wachukue mkopo wa mshahara kwa jina la wifi. Huo ni wa miaka michache, milioni 90 kwa miaka saba kwa riba ile ile rejesho linapita milioni 1.7, na mtumishi lazima theluthi moja ya mshahara ibaki, kwa hiyo mshahara wa muuguzi haufiki hata karibu. Dalali alishauri wakope sehemu tatu tofauti. Hapo nikamwomba mdogo wangu asipokee tena simu yake, aongee na muuzaji mwenyewe.

Na hapa niwe mkweli, wao nyumba walikuwa bado wanaipenda. Wifi alisema "wifi, mimi nimechoka kuhamishwa na watoto kila mwenye nyumba akipata mpangaji wa bei kubwa", na hiyo sio hoja ndogo, usalama wa kutohamishwa una thamani yake. Jengo lina zege zuri, kibali kipo, mtaa wenyewe ni mzuri, majirani kumi kati ya 16 ni walipaji waaminifu na katibu wao anaweka hesabu safi kuliko kamati nyingi ninazozijua. Ilikuwa nyumba inayonunulika baada ya mambo fulani kukamilika, na bei iliyokuwa inatajwa ilikuwa ya nyumba ambayo mambo hayo yameshakamilika.

Wakapeleka ofa ya maandishi kupitia wakili. Bei milioni 125, ndani yake deni la sevisi chaji linakatwa na kulipwa moja kwa moja kwa kamati, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, mke wake anasaini, hela inakaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili na haitoki mpaka rehani iondolewe na hati ya sehemu itoke kwa jina la mdogo wangu na wifi wote wawili. Hilo la majina mawili nililisisitiza mimi. Muuzaji alikasirika, akasema kuna watu wa keshi wanamsubiri, akakata simu.

Wakati huo huo nikawashauri kitu kingine: pangeni humo humo. Mmoja wa wale wamiliki wasioishi pale alikuwa na nyumba ghorofa ya kwanza imebaki wazi, laki tano na nusu, miezi sita kwanza, milioni 3.3. Tukaandika kwenye mkataba kwamba 80,000 ya sevisi chaji mpangaji anaipeleka mwenyewe kwa katibu na inakatwa kwenye kodi, mwenye nyumba akakubali, na hivyo mstari mwekundu mmoja ukafutika kwenye kaunta buku. Wakahamia Februari ili masika yawakute ndani, waone korongo, shimo, baa na pampu kwa macho yao.

Masika yalivyokuja shimo lilirudisha kweli, mara moja, na maji hayakuingia kwenye jengo. Mtoto anakunywa maji ya kununua, ya kisima ni ya kufulia na kuogea. Ghorofa ya kwanza maji hayakatiki jioni na baa haisikiki sana, kwa hiyo wifi sasa anasema kama ni kununua anunue ya chini, sio ile ya juu. Kamati imefanya kikao, wamekubaliana na AUWSA kulipa lile deni kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza wamiliki wamesaini barua ya pamoja kuitaka kampuni ianze kazi ya hati. Mpima amekuja, ameshapima ghorofa mbili. Muuzaji wa juu naye alirudi baada ya watu wake wa keshi kutoonekana, ameshuka mpaka milioni 138 na mke wake yuko tayari kusaini, ila rehani bado ipo.

Milioni 60 wameziweka UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ule wa Ukwasi, wakizihitaji wanazitoa ndani ya siku chache. Rasimu ya mkataba iko kwa wakili, jina la muuzaji limeachwa wazi kwa sababu mwenye nyumba wao wa ghorofa ya kwanza naye ameanza kuulizia kama wangependa kununua ya kwake. Kinachosubiriwa ni upekuzi mpya kutoka ofisi ya ardhi, benki ikishaiachia hati.